Panya wa Utepe wa Kijani

Mdomo ulikuwa ukitafuna, na ndani yake hamkuwa na kitu.

Taya lilipanda, likashuka, likapanda tena, meno yakigongana kama vikombe kwenye trei inayobebwa na mtu mwenye haraka. Macho yalikuwa yamepinduka, yanatazama dari. Kila ulimi ulipochungulia nje, binti wa mgonjwa aliwahi kupenyeza kitambaa kilichoviringishwa katikati ya meno, mama yake asije akajikata.

"Mama, ni mimi. Niko hapa, mama'angu."

Mama yake alitafuna tu.

Inspekta alisimama miguuni pa kitanda. Askari wenzake walimwita Jicho Kavu kwa sababu hakuwa mwanamke wa kupepesa macho ovyo, hata mbele ya maiti. Lakini maiti hutulia. Huyu alikuwa hai, anasikia, anajua kila kitu, na uso wake ulikuwa unafanya mambo yake wenyewe bila kumuuliza mwenyewe. Inspekta alipepesa.

Mgonjwa alikuwa profesa, mkuu wa maabara inayochunguza ubongo wa panya. Wafanyakazi wake walimwita Mama Panya, naye aliitika. Asubuhi ile alikunywa chai ofisini kwake, na kabla kikombe hakijapoa alikuwa sakafuni.

Daktari wa zamu alimvuta Inspekta pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na binti alisikia kila neno.

"Afande, sikufichi. Maabara yao ina dawa za aina mbili zinazochezea midomo. Moja inafungua kitu ubongoni, nyingine inafunga. Hapa nina sindano mbili." Alionyesha sahani ya bati juu ya meza. "Nikijua kapewa ipi, nampa kinyume chake, anapona. Nikikosea..."

"Malizia, daktari," binti alisema bila kugeuka.

Daktari alishusha pumzi. "Kama kapewa ya kufunga, nami nikamwongezea ya kufunga, koo litajibana na hatavuta pumzi tena. Kama kapewa ya kufungua, nikamchoma hii nyingine, ya kulegeza kilichofungwa, moyo wake hautahimili. Moyo wake mbovu tangu zamani."

"Damu mmepima?"

"Imepelekwa kupimwa. Majibu yatamkuta keshatutoka."

"Nani anajua kapewa ipi?"

"Yeye mwenyewe labda," daktari alisema, akimtazama mgonjwa. "Na aliyempa."

Binti aliushika mkono wa koti la Inspekta, akaung'ang'ania. "Huyu mama ni msemaji. Hata usingizini anaongea, tunamcheka nyumbani. Sijawahi kukaa naye kimya namna hii tangu nizaliwe. Nirudishie sauti yake, dada."

Inspekta hakumwahidi. Alimwambia daktari simu yake ikae wazi, kisha akatoka mbio, Sajini nyuma yake akihema.

*

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo la chuo, mwisho wa korido inayonuka sabuni na maranda ya mbao. Madirisha yalikuwa yamepakwa rangi ya kijivu. Inspekta aliposukuma mlango alidhani nje mvua imeanza, matone membamba yanapiga bati. Akasikiliza vizuri. Haikuwa mvua.

"Ni meno," sauti ilisema gizani. "Mtazoea."

Taa iliwashwa. Vizimba vya kioo vilipangwa ukutani kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa cha Sajini, ambaye si mtu mfupi. Ukuta wa kushoto kila kizimba kilikuwa na kipande cha utepe wa kijani; wa kulia, utepe wa njano. Ndani ya kila kimoja panya mweupe, na kila panya mdomo wake ulikuwa unafanya kazi isiyo na chakula. Chumba kizima kilikuwa kinatafuna.

"Afande," Sajini alinong'ona, "mimi nitalinda mlango."

"Mlango haukimbii. Ingia."

Aliyewasha taa alikuwa Naibu wa Mama Panya, bwana mwembamba, koti lake jeupe limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Aliegemea vizimba vya kijani, akakunja mikono kifuani. "Mnanikuta nimechanganyikiwa. Mama Panya ni kama dada yangu mkubwa."

"Nieleze kazi yenu," Inspekta alisema. "Kwa lugha ya nyumbani, na upesi."

"Sawa. Ubongoni kuna kemikali inaitwa dopamini. Chukulia ni ufunguo. Ufunguo bila kitasa haufungui kitu. Vitasa vyake tunaviita vipokezi. Viko vya aina kadhaa, sisi tunashughulika na viwili. Kile cha kwanza tuna dawa ya kukifungua kwa nguvu. Hapo panya hatulii: ananusa, anajikuna, taya linakwenda kando, kulia kushoto. Hiyo dawa haikai sana mwilini. Cha pili tuna dawa ya kukiziba. Panya anakakamaa, ukimweka mahali anabaki palepale, na taya linakwenda juu chini, juu chini. Hiyo inakaa kutwa."

"Mnawatesea nini?"

"Kuna watu wanameza dawa za akili miaka na miaka, mwisho midomo yao inaanza kucheza yenyewe. Wanaona haya hata kupanda basi. Tunatafuta ni kitasa kipi kinachoharibika."

"Na utepe? Kijani ni dawa ipi?"

Naibu alitabasamu kidogo. "Hatujui. Ndiyo kanuni ya hapa. Mama Panya anachanganya dawa peke yake, anajaza chupa, anabandika rangi. Siri inakaa kichwani mwake mpaka kazi iishe. Sisi watazamaji tunachoma sindano kwa rangi, tunakaa mbele ya kizimba na hii." Alitoa mfukoni kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. "Kila mdomo ukicheza, dole gumba linabonyeza, nacho kinahesabu. Ukijua kilichomo kwenye chupa, jicho litaanza kuona linachokitaka."

Aliweka kidude mezani. Nyuma ya bega lake, katika kizimba kimoja cha kijani, panya alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, mikono juu ya kijiti, kama jirani aliyeegemea dirisha kusikiliza umbea. Inspekta alimwona, akarudisha macho kwa Naibu.

"Ulikuwapo alipoanguka?"

"Nilikuwa mlangoni pa ofisi. Nilimwona kwa macho yangu. Taya linakwenda kando, kulia kushoto, kama ng'ombe anayecheua. Nikakimbia kuita gari la wagonjwa."

"Chai alimpelekea nani?"

"Bibi Maranda. Mlishaji." Akashusha sauti. "Sipendi kumsema mtu mzima, lakini funguo za kabati la dawa hata yeye anazo. Husafisha."

*

Bibi Maranda alikuwa katika kijichumba cha nyuma, ameketi juu ya gunia, ametazama ukuta. Alipoona sare ya Sajini alisimama, mkono mfukoni mwa aproni.

"Toa mkono," Sajini alisema.

"Baba, sina kitu."

"Toa!"

Mkono ulitoka na chupa ndogo isiyo na karatasi, maji yanameremeta ndani. Sajini aliidaka, akaiinua kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu waingie jengo lile alionekana mwenye furaha. "Afande! Si hii hapa?"

Mama yule alinyoosha mkono kuidai. "Dawa yangu ya macho. Maji yaliilowesha karatasi, nikaibandua. Wallahi ni ya macho."

"Kila mtu ana ya macho siku ya msala."

"Nipe basi." Aliipokonya kabla Sajini hajafumba mdomo, akarudisha kichwa nyuma, akadondosha tone jicho la kulia, tone jicho la kushoto. Kisha akamkodolea Sajini, machozi yakitiririka. "Haya. Kama ni sumu, subiri hapo hapo unizike."

Walimtazama. Taya lake halikucheza, isipokuwa kwa hasira. Sajini alijikuna kisogo.

"Kaa, mama," Inspekta alisema. "Chai uliipeleka mkono kwa mkono?"

Bibi Maranda alifuta uso kwa aproni. "Hapana, mwanangu. Nimefika koridoni na trei, Naibu akaniita: 'Bibi, panya katoroka!' Nikaiweka trei juu ya meza pale, nikakimbia. Panya akipotea hapa ni kilio."

"Mkampata?"

"Hata mkia! Nikapita kizimba kwa kizimba, kila mmoja yumo kwake. Naibu akasema, 'Aa, macho yangu.' Nikarudi, nikachukua chai, nikampelekea dada wa watu." Akautazama mkono wake. "Mkono huu huu."

"Alipoanguka ulikuwa karibu?"

"Kichwa nilikipakata mimi. Macho juu, mdomo juu chini, juu chini, kama mtoto anayenyonya ndotoni."

"Haukwenda kando? Kulia kushoto?"

"Kando wapi? Nilikishika kidevu kwa kiganja hiki, kikanigonga kama nyundo. Naibu alichungulia tu mlangoni, akapiga ukelele, akatoweka."

Inspekta alikitazama kiganja kile. Yeye mwenyewe alikuwa ameuona mdomo ule hospitali. Juu chini. Mtazamaji wa midomo, mtu ambaye kazi yake ni kutenganisha kando na juu chini, alikuwa amemweleza mdomo ambao haukuwapo. Lakini mtu si panya, na mdomo peke yake haukutosha kumchagulia daktari sindano.

"Walikuwa na ugomvi, wale wawili?"

"Juzi walijifungia ofisini. Nilikuwa napiga deki, siwezi kuziba masikio. Mama Panya akamwambia, 'Wewe huhesabu, wewe unatunga.' Leo mchana alikuwa na kikao na wakubwa wa chuo. Nafikiri alikuwa anakwenda kulisema hilo." Alipenga kamasi. "Lakini leo asubuhi alikuwa na furaha! Alikuja mapema, akajifungia na chupa zake. Akatoka anacheka peke yake. 'Bibi Maranda,' akasema, 'nimetega kitendawili, nataka nione nani atakitegua.' Nikamwambia nitegee mimi. Akasema, 'Wewe huna mji wa kunipa.'"

Simu ya Inspekta ililia. Alikuwa daktari, na nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine, ya kukoroma, nzito, inayokwama na kuanza tena.

"Koo limeanza, Afande. Nahitaji jibu, la sivyo nitachagua kwa kubahatisha."

"Usikate simu," Inspekta alisema. Akaongeza sauti ya simu, akairudisha mkononi, akaingia tena kwenye chumba cha meno.

*

Naibu alikuwa bado ameegemea vizimba vilevile. Mkoromo uliokuwa ukitoka kwenye simu ulimfanya anyooke.

"Huyo ni dada yako mkubwa," Inspekta alisema, akaiweka simu mezani. "Sikiliza vizuri, kwa sababu mimi nitasema haraka. Ulimwita Bibi Maranda kumtafuta panya ambaye hakutoroka. Chai ikabaki peke yake."

"Nilikosea tu, mwanga wa hapa..."

"Umeniambia taya lilikwenda kando. Halikwenda. Mimi nimeliona, bibi kalishika kwa mkono. Kando ndiyo dawa ya kufungua, umenifundisha mwenyewe. Sasa kwa nini ulitarajia ya kufungua, ilhali mdomo wake haukuionyesha?"

Simu ilikoroma. Panya walitafuna.

"Hukumtazama," Inspekta alisema. "Ulichungulia ukakimbia. Halafu ukanisimulia ulichotarajia."

Naibu alilamba midomo. "Sina la kusema bila wakili."

"Wakili atakuja. Yule mama akifa kabla hajafika, utamweleza habari ya mauaji. Akiishi, utamweleza habari nyingine. Chagua, lakini chagua sasa."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ya binti, nyembamba, mbali: "Anabadilika rangi! Daktari, anabadilika rangi!"

Naibu aliziba masikio. Kisha maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Kijani! Nilitia ya kijani. Siku nyingi naibandua tepe, nasoma kilicho chini, narudishia. Kijani siku zote ni ya kufungua! Nilitaka asiweze kuongea kikaoni tu, jioni ingekuwa imekwisha. Jioni angekuwa mzima. Mpeni ya kufunga! Mwambie ampe ya kufunga, haraka!"

"Nimesikia," daktari alisema. "Nachoma ya kufunga."

Sajini alikuwa ameshatoa pingu. Bibi Maranda, mlangoni, alishika kichwa. Na Inspekta, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha, aliinua macho kupita bega la Naibu.

Panya wa kizimba cha kijani alikuwa bado ameegemea kijiti chake.

Mikono palepale, kichwa palepale. Tangu walipoingia mara ya kwanza. Taya tu ndilo lililocheza: juu chini, juu chini.

"Ngoja!"

"Afande, sindano iko mkononi!"

"Iweke chini! Usimguse!"

Alimsukuma Naibu kando, akafungua kifuniko cha kizimba. Alimgusa panya ubavuni kwa kidole. Panya hakukimbia. Alimwinua mkono mmoja mdogo, akauachia. Ukabaki hewani, kama wa mtoto aliyeulizwa swali darasani akasahaulika. Inspekta alitazama vizimba vilivyofuata, kijani, kijani, kijani: wote wamekakamaa, wote juu chini. Akageuka. Ukuta wa njano ulikuwa unachemka. Panya wananusa, wanajikuna, mataya yanakwenda kando.

"Tazama," alimwambia Naibu.

"Nimeshawatazama asubuhi, nimehesabu..."

"Hujawatazama. Geuka!"

Naibu aligeuka. Pengine ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kwa mtu yule kuvitazama vizimba vyake bila kuwa na jibu mfukoni. Rangi ilimtoka usoni.

"Leo asubuhi alikuja mapema," Inspekta alisema. "Alikuwa anajua unabandua tepe. Akazibadilisha kwenye chupa, aone utaandika hesabu ya panya au hesabu ya utepe."

"Kitendawili," Bibi Maranda alinong'ona.

"Hapana," Naibu alisema. "Hapana, hapana. Basi nimempa... Msimchome! Msimchome ya kufunga!"

"Daktari," Inspekta alisema kwenye simu, kila neno peke yake. "Kapewa ya kufunga. Nasema tena, alichokunywa ni ya kufunga. Mpe ile ya kulegeza."

"Una hakika? Huyu mtu kasema..."

"Huyu mtu kasema ukweli anaoujua yeye. Panya wanasema mwingine, na mdomo wa mama huyo ni wa hawa panya. Mchome."

Simu ilinyamaza maneno. Kikabaki kishindo cha sahani ya bati, viatu, mkoromo. Mkoromo ukakwama. Sajini alishika pingu hewani bila kuzifunga, naye Naibu alimnyooshea mikono bila kujua. Bibi Maranda aliketi sakafuni pale pale mlangoni, miguu ameinyoosha. Katika ukimya ule meno ya panya yalisikika upya, kuta zote mbili, na kutoka kwenye simu meno ya mtu yakiyajibu.

Halafu yale ya kwenye simu yakawa yanapunguza mwendo. Kama mashine ya kushonea mtu anapoondoa mguu.

Yakasimama.

"Binti?" Inspekta aliita. "Binti, niambie."

Aliiinamia simu. Kisha pumzi, ndefu, ya kuvutwa mpaka chini, na kilio cha binti kikiwa juu yake. "Amefumba mdomo! Inspekta, amefumba mdomo mwenyewe. Macho yameshuka, ananitazama. Mama, usiongee. Mama, pumzika kwanza... Jamani huyu mama hasikii! Anauliza kitu."

"Anauliza nini?"

Kulikuwa na mkwaruzo, simu ikisogezwa. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, imechubuka, lakini ilikuwa ya mtu aliyezoea kujibiwa.

"Nani kakitegua?"

Bibi Maranda alijifunika uso kwa aproni, mabega yakimtetemeka, na hakuna aliyeweza kujua kama analia au anacheka.

"Panya wako, Mama," Inspekta alisema. "Yule wa kijiti."

Pingu zilifunga. Naibu alikuwa bado anawatazama panya wa kijani. Kidevu chake kilikuwa kimeanza kutetemeka, mpaka meno yakawa yanagongana kinywani, juu chini, juu chini, asiweze kuyazuia. Inspekta alimkazia macho. Ndipo alipogundua kwamba kile kidude cha chuma kimo kiganjani mwake mwenyewe, hajui alikiokota saa ngapi, na dole gumba lake lilikuwa linabonyeza.